Alama Saba za Kiwele

Jumatatu, 4 Machi

Uchaguzi wa mwaka umeanza. Mitamba thelathini na nane, wote wamezaa mara ya kwanza — nani abaki kundini atuzalie, nani aondoke. Leo nimepima kumi na mmoja kabla jua halijawa kali. Kila mmoja anapata alama, moja hadi tisa: miguu, mgongo, nyonga, kiwele, tabia.

Redio alinishikia kamba asubuhi nzima. Ni mkamuaji wetu, tumempa jina hilo kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Leo ilikuwa habari ya jino la shemeji yake, tangu lilipoanza kuuma mpaka shavu lilivyovimba. Sikuwa nasikiliza hata kidogo. Lakini alipokwenda kunywa chai nilijikuta natazama mlango wa banda, namngoja arudi.

Mchana nimekula nikiwa nimesimama jikoni. Tangu mume wangu afariki sioni sababu ya kuvuta kiti. Miaka sita sasa. Kile kiti kingine nimekifanya cha kuwekea mafaili.

Kati ya wale kumi na mmoja, watano viwele vyao sijavipenda.

Jumanne, 5 Machi

Tisa wengine. Wanne viwele vimelegea, viko chini ya goti la nyuma — na ndiyo kwanza wamezaa mara moja! Wakifika mzao wa tatu watakuwa wanafagia sakafu. Chuchu zitachafuka, ugonjwa utaingia, kwisha habari yao. Nimeandika tatu, tatu, mbili, tatu. Hapa shambani wananiita Mama Alama. Wanasema sina huruma na kalamu, nami huwa nawaacha waseme.

Daktari wa mifugo alichungulia fomu nikiwa naandika. Binti mwerevu, amekuja mwaka jana, rika moja na mwanangu. Akaniuliza baba yao ni nani. Nikamwambia sijaangalia.

Uongo. Nilijua tangu jana, tangu kiwele kibovu cha pili. Wenye viwele vibovu, watano wa jana na wanne wa leo, wote ni mabinti wa Jemadari, mmoja wa mafahali wetu wawili.

Mwanangu hajapiga simu. Si siku yake, najua. Siku yake ni Jumapili.

Alhamisi, 7 Machi

Kupima kumekwisha. Mabinti wa Jemadari ni kumi na sita. Kumi na wanne wana kiwele kibovu. Wa yule fahali mwingine ni ishirini na wawili, na mbovu ni mmoja tu.

Daktari akafungua kitabu cha ukoo mezani kwa meneja. Jemadari: mama yake Tulia, namba 412. Kiwele cha mama: saba. Mwandiko wangu.

Akasema haiwezekani. Ng'ombe mwenye kiwele cha saba hawezi kutuletea wajukuu kumi na wanne wa namna hii. Meneja akauliza kwa nini wasiende kumwangalia Tulia mwenyewe, yupo pale bandani. Daktari akasema haitasaidia, ameshazaa mara nyingi mno, kiwele cha uzeeni kinashuka kwa kila ng'ombe. Basi akakata shauri: Jemadari hakuwa ndama wa Tulia. Wiki aliyozaliwa walizaa ng'ombe watatu. Mtu alichanganya hereni za masikioni, zile zenye namba.

Na anayewavisha ndama hereni ni Redio.

Majibu ya vipimo vya damu, vya kuonyesha mama halisi, huchukua miezi mitatu. Meneja hataki kusubiri, kikao cha uteuzi ni Alhamisi ijayo. Akasema kuchanganya hereni ni kosa la kumfukuzisha mtu kazi, kwa sababu ukoo ukiharibika ndio shamba limeharibika.

Nilikaa nimeshika kalamu, kama karani.

Jumamosi, 9 Machi

Acha niandike hapa, maana sina mtu wa kumwambia.

Tulipomzika mume wangu nyumba ilijaa watu siku saba. Siku ya nane hapakuwa na mtu, nikarudi kazini. Tulia alikuwa amefungwa mwisho kabisa wa banda, karibu na dirisha. Nikaegemeza kichwa ubavuni mwake, nikalia mpaka kola ya koti ikalowa. Hakusogea. Aliendelea kucheua zake tu. Kesho yake nikaenda tena. Nilikwenda kila asubuhi karibu miezi miwili, kabla Redio hajafika na maneno yake. Ndiye kiumbe pekee aliyenigusa mwaka ule.

Halafu uchaguzi ukaja.

Kiwele chake kilikuwa nne. Nilipima mara mbili, ilikuwa nne. Na miguu yake ile mibovu, kwa nne asingebaki. Lori la machinjio lilikuwa linakuja Jumatatu.

Nikaandika saba.

Namba moja tu. Nilijiambia namwokoa ng'ombe mmoja, nani ataumia? Sikufikiria kwamba mwaka uliofuata angezaa dume. Tena dume zuri, mgongo umenyooka, kifua kipana. Dume halina kiwele cha kutazama, kwa hiyo unasoma cha mama yake kwenye kitabu. Wakasoma saba. Wakamchagua awe fahali wa kundi, ndiye Jemadari. Nami nilikuwa kwenye kikao kile, na nilinyoosha mkono kama wenzangu.

Miaka hii yote nimetoa wanyama wa watu kundini kwa ajili ya alama moja tu.

Jumapili, 10 Machi

Mwanangu kapiga simu. Dakika nne. Kaniuliza kama mimi ni mzima, nikasema mzima. Nikapiga moyo konde nianze: "Kuna jambo hapa kazini, mwanangu..." Akasema mama subiri kidogo. Nikamsikia akiongea na mtu, wanacheka. Aliporudi alikuwa amesahau kwamba nilikuwa nataka kusema kitu. Nikamwambia awasalimie wote.

Jioni nilikwenda bandani. Tulia amezeeka, nyonga zimetokeza. Aliponiona akageuza kichwa, akasogea kidogo kuniachia nafasi ubavuni. Sikwenda. Nilisimama mlangoni mpaka nikaona haya, nikarudi nyumbani.

Jumanne, 12 Machi

Redio haongei. Amekamua ng'ombe wote bila neno, unasikia mashine tu. Miaka mingapi nimeomba kimya hicho! Sasa nimekipata na sikiwezi.

Nikamuuliza habari ya jino la shemeji. Akasema limeng'olewa. Basi, hakuongeza.

Baadaye akanifuata kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, buti mkononi, macho chini. "Mama Alama, wiki ile na wewe ulikuwepo. Kweli mimi naweza kuwa nilichanganya?"

Nikamwambia sikumbuki vizuri.

Mungu anisamehe. Ana watoto wanne, na mimi sikumbuki vizuri.

Nimekaa ukingoni mwa kitanda nafikiria. Nikisema, madaftari yangu ya miaka ishirini na miwili yote yanakuwa takataka. Kila namba wataiuliza: na hii je, ulimpenda na huyu? Lakini si hilo ninaloliogopa zaidi. Nyumba hii ni ya shamba. Nikitoka kazini nimetoka na humu. Mwanangu ana vyumba viwili na mkewe na mtoto. Ataniambia karibu mama, na sauti yake nitaijua. Na wapi tena kuna mtu ataniita jina la utani asubuhi? Nimeandika "mtu". Ni Redio.

Alhamisi, 14 Machi

Saa nne asubuhi. Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja. Redio yuko ndani. Mlango huu haufungi vizuri, nasikia kila kitu. Naandika yote humu daftarini.

Daktari kasoma maelezo. Wiki ile, ndama watatu, hereni. Meneja kamuuliza Redio anasemaje.

Sasa anaongea. Polepole, si kawaida yake. Anasema alimvisha yule ndama hereni pale pale, bado amelowa, mama yake anamlamba. Analiona jambo hilo kama la jana. Lakini kama Mama Alama aliandika saba, basi ni saba. Yule mama hakosei, anasema, hata mara moja hajawahi. Kwa hiyo itakuwa ni kichwa chake yeye kimechoka. Waandike tu kwamba ni yeye.

Nasikia karatasi.

Meneja anamwonyesha pa kuweka saini.

Mlango umefunguka. Ni daktari. Ananiambia niingie, wanahitaji saini yangu kama shahidi. Nimemwomba dakika moja nimalizie mstari. Ananisubiri. Anadhani hili ni daftari la kazi.

Kilikuwa nne. Nilipima mara mbili.

Nadhani nimetamka kwa sauti, maana daktari ameinama kunisikia. Anauliza, nne ya nini, mama? Naweka kalamu chini nimjibu.