Sauti Iache Nyumbani

Mama,

Shikamoo. Naandika nimesimama, maana siku hizi kukaa siwezi. Duka la Darajani nalifungua saa moja, nalifunga, nalifungua tena.

Siku thelathini na tatu. Nshazihesabu mara mbili.

Unakumbuka maulidi ya Chwaka? Wasichana kumi na wawili tumepanga safu, wewe mwalimu wetu wa kasida unapita unatusikiliza. Ukasimama kwangu. "Asha, fungua mdomo tu. Sauti iache nyumbani." Wenzangu wakacheka. Tangu siku ile, midomo kumi na miwili, sauti kumi na moja. Ulidhani nafanya makusudi. Mtoto wako wewe, atapoteaje tuni? Nilikuwa na miaka tisa, Mama. Sikuwa mkaidi. Tofauti nilikuwa siisikii.

Juzi ndiyo nimejua. Lin, yule Mchina wa duka la jirani, kaniambia naye kazaliwa hivi hivi, sikio halishiki tuni. Nyimbo kwake kama sufuria zinagongana. Na kwao hata maneno yana tuni! "Mai" ukiizamisha sauti kisha ukaiinua, ni kununua. Ukiiporomosha, ni kuuza. Nikamcheka, "Sasa shoga, biashara unafanyaje?"

"Kusema nasema sawa. Kusikia ndiko mara nyengine napotea. Hapo natazama nani kashika mkoba wa pesa."

Tulicheka mpaka wateja wakatushangaa. Kisha nikaenda kulia nyuma ya majora ya vitambaa.

Kwa sababu kwenye hitma yako, Mama, nilikaa mlangoni, na dhikri ilipopanda, nilifungua mdomo tu. Shangazi akaniminya mkono: "Umemsomea mama yako, Mungu akulipe." Sikukusomea hata neno. Miaka thelathini najitegemea, sijamwogopa mtu, na siku ile nilikutii wewe uliyekwisha kuzikwa.

Nimekukasirikia, sikufichi. Sikio lako lilikuwa linakamata kosa la mtu mmoja kati ya wanawake mia. Mimi hukunisikia. Na bado kila nikikosea kitu nageuka kutazama kama umeniona.

Arubaini imebaki siku saba. Safari hii sikai mlangoni. Nitakaa katikati ya wanawake na nitakusomea kwa sauti. Tuni ikipotea, ipotee. Watakaogeuka, wageuke.

Haya, Mama, Mungu akulaze pema. Siku hiyo ukisikia sauti moja inakwenda kombo, usiulize ya nani.

Itikia.

Asha wako