Jina la Riziki kwenye Plasta

Lubaga, Kampala. Jumapili ya pili ya Julai. Ni miaka ishirini na miwili tangu tuvuke mpaka, na mwaka wa tatu tangu wewe urudi Bukavu kumuuguza mama yako, ukabaki huko.

Mama Riziki wangu,

Kila ukipiga simu unauliza narudi lini, nami hukujibu kwa habari za mvua. Leo naandika kwa sababu kwenye simu sauti yangu ingetetemeka, nawe ungejua kabla sijasema.

Unakumbuka siku tuliyoondoka. Ulikaa juu ya gunia la maharage, ukachukua kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia madaftari, ukamwandikia mtoto jina lake mkononi, kutoka kiwiko hadi kifundo. "Akipotea, wanaojua kusoma watamrudisha," ulisema. Alikuwa na miaka minne. Alicheka kwa kuwa kalamu ilimtekenya. Aliyelia ni mimi.

Juzi jina hilo liliandikwa kwenye mkono wa mtu mwingine.

Ulimwacha Riziki akisukuma vitanda na kupiga deki wodini. Ulikuwa ukimloweka miguu kwenye maji ya chumvi, naye akikusimulia habari za chumba cha plasta, wanakofungwa kwa jasi waliovunjika mifupa. Mwaka huu wamemkubali. Asubuhi bado ni mhudumu wa wodi. Mchana ni mwanagenzi wa Mzee Okello, fundi wa plasta, mwanajeshi wa zamani ambaye Kiswahili chake ni cha kambini. Desturi ya chumba chake ni moja: anayefunga plasta huandika juu yake, kwa penseli, jina lake na siku. "Mkono inatembea na jina yako," humwambia.

Ijumaa alikuja Nnalongo, mama wa mapacha anayeuza samaki soko la Ggaba. Aliteleza kwenye sakafu ya soko, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika na kuvimba. Mzee Okello alikuwa ameitwa wodini. Mkono uliovimba hivyo hupewa plasta ya upande mmoja tu, ishikwe na bendeji, ili uvimbe upate nafasi. Riziki anajua. Lakini Nnalongo alimwambia nusu plasta ni ya watoto. "Funga yote, binti. Mimi niko na samaki ya kukata." Basi akafunga yote, laini kama yai, akaandika jina lake, akamwambia arudi kesho yake akaguliwe vidole. Jioni ile alinisimulia kwa fahari.

Jumamosi Nnalongo hakutokea. Riziki alirudi nyumbani saa saba mchana, akakaa bila kuvua viatu, akitaka kwenda kumtafuta.

Hapa lazima nikiri. Nilimwambia angoje hadi Jumatatu. Nikasema labda yule mama anaendelea vizuri, ndiyo maana hakuja. Unajua hofu hiyo imetoka wapi, wewe uliyesimama nami kwenye foleni za ofisi, karatasi zetu ndani ya mfuko wa plastiki. Mkimbizi hagongi mlango wa mtu kupeleka kosa lake mwenyewe. Niliiona nafasi yake inapotea.

"Baba," akasema, "kidole hakingoji Jumatatu."

Nikamfuata hadi Ggaba, maana kubaki peke yangu kuliniogopesha zaidi.

Tulimkuta Nnalongo amekaa juu ya beseni lililofunikwa, akikata samaki wa ngege kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ameuvika kavera, mfuko wa plastiki, usilowe. Vidole vilikuwa vimejaa, rangi ya zambarau. Riziki alichuchumaa, akabonyeza ukucha mmoja ukawa mweupe, akauachia. Nilisimama nyuma yake nikihesabu. Nilifika saba kabla wekundu haujarudi.

"Inauma, Nnalongo?"

"Jana iliuma sana. Leo imenyamaza. Nikasema, labda ndiyo mfupa inashikana."

Riziki alifumba macho, maana kunyamaza huko kulikuwa ganzi. Mama wa meza ya pili akamtazama toka juu mpaka chini. "Ndiyo wewe ulimfunga hivi? Umemfunga kama mzigo ya kwenda Kongo."

Wakacheka wote, hata Nnalongo. Mtoto wetu alisimama katikati yao akasema, "Nimekosea mimi. Twende hospitali sasa hivi." Hakuna aliyecheka tena.

Hospitalini Mzee Okello aliipasua plasta pande zote mbili. Mimi nilikuwa kwenye benchi nje ya mlango, kofia mkononi. Alipomaliza, nilimsikia akisoma jina kwa sauti.

"Nani amekutuma umulete?"

"Hakuna, Mzee."

Akavitupa vipande vya plasta ndooni. "Utarudi kwa pamba ya chini ya plasta. Miezi tatu unakunja pamba tu. Plasta hapana, mpaka mimi niseme."

Hakumfukuza. Vidole vimerudi rangi yake, lakini gumba na cha shahada bado havihisi kitu. Daktari anasema tungoje. Leo Riziki amekwenda wodini kabla ya misa. Aliporudi nilimuuliza, akatikisa kichwa.

Naviogopa vidole hivyo viwili. Naogopa zaidi mikono itakayokuja baadaye, maana atashika watu maisha yake yote, na iko siku mgonjwa atakayemtafuta sokoni hatampata. Nilitaka kumwambia arudi kwenye deki, huko hakuna kinachoandikwa jina. Sikusema. Mchana huu amevuta kigoda, akauchukua mkono wangu, akauzungushia pamba, akaifungua, akaizungusha tena. Kila mara anabonyeza ukucha wangu na kungoja. Mkono wangu umekonda, haufanani na wa mtu mwenye nguvu, lakini hana mwingine wa kujifunzia hapa nyumbani. Nimemwachia mpaka ugali ukapoa.

Msalimie mama yako. Fungeni milango mapema, na shamba la nyuma mpe ndugu yako alime, usilihifadhi kwa ajili yangu. Nimekuwa nikikuambia nitakuja mvua zikipungua, na kila niliposema nilijua si kweli. Riziki ameanza kazi ambayo hawezi kuifanya akirudi jioni kwenye nyumba tupu.

Sitarudi.

Mumeo,
Baba Riziki