Rimoti Iliyombakiza Baba Mkwe

Kizwite,
Sumbawanga, Rukwa.
15 Julai 2024

Mpendwa Dada Stefania,

Shikamoo. Nakusalimu kutoka kwenye baridi la Ufipa, ambalo mwaka huu limetufuata mpaka ndani ya blanketi. Huko Tanga bado mnalala madirisha wazi? Shemeji Kasimiri hajambo? Na mwanangu Margareth, kile kikohozi kimemwachia? Sisi ni wazima, isipokuwa baba mkwe ana kidonda mguuni. Ningekupigia, lakini simu inakula maneno, na furaha niliyonayo inataka karatasi.

Ndoa ni tamu, dada. Siku ya kunifunda uliniambia miezi ya mwanzo nisiamini kila ninachokiona. Nimejaribu kutoamini, nimeshindwa. Valerian wangu huamka kabla yangu, anawasha jiko la mkaa, na nikifumbua macho maji ya kuoga yako tayari. Jioni akirudi kutoka karakana ana unga wa mbao kwenye nyusi, nami simruhusu aupanguse mpaka nimtazame kwanza. Usimsomee shemeji mistari hii.

Sasa nikueleze ya baba mkwe. Mzee Teodori alikuja kwetu kutoka Chala kwa sababu ya huo mguu. Muuguzi anayekaa jirani huja kumsafisha kidonda hapa nyumbani, na amemkataza kutoka nje au kuukanyagia mguu, la sivyo anaweza kuupoteza. Unajua tena heshima ya wakwe. Nikipiga goti kumsalimu, ananiitikia akiwa anatazama ukuta. Siku zote hizo nilijiuliza kama amenikubali.

Ijumaa akamwambia Valerian amtafutie nafasi kwenye gari la Jumamosi saa tisa. Kisa ni Misa. Kwake kanisa la kigango liko karibu, hata akilala kitandani anasikia nyimbo, na hapa Jumapili mbili zimempita amekaa kwenye kochi. Valerian akamsihi. Mzee akasema, "Mguu ni wangu, na Jumapili ni ya Mungu."

Televisheni tunayo, ile aliyotupa Mjomba Beda siku ya harusi. Lakini ilishushwa kwenye lori kule mpakani Kasesya bila rimoti, na vitufe vyake vya ubavuni vimekufa. Ukichomeka waya inawaka, inaonyesha bluu tupu, basi. Bila rimoti huwezi kuipeleka kwenye king'amuzi. Ndipo Valerian akakimbilia sokoni kwa Masalu, muuza vifaa, akarudi na rimoti inayokubali televisheni za kila aina. Maelekezo ya Masalu yalikuwa mafupi: "Shikilia kitufe cha SETI mpaka taa nyekundu iwake. Halafu ielekeze, shikilia cha kuwashia, ngoja. Ikipata utaona mwenyewe."

Jumamosi asubuhi tukaanza. Valerian akashikilia, kitaa kikapepesa, mimi nimeegemea bega lake kama ninayepigwa picha. Ghafla kioo kikawa giza.

"Umeme huo," akasema, akachomoa waya upesi, maana hapa kwetu umeme ukirudi kwa nguvu unaunguza vitu. Tukanywa uji. Alipochomeka, bluu ikawaka. "Umerudi." Akaanza upya, giza tena. Akachomoa, tukangoja, akachomeka, ikawaka. Mara ya tatu hali ikawa ileile. Baba mkwe akaanza kukunja blanketi lake. "Hata umeme unanifukuza," akasema. "Acheni, wanangu."

Nikaingia jikoni nikalia kidogo. Kisha nikachukua ndoo ya ulezi ili mzee asafiri na unga wa uji, nikaenda mashineni kupanga foleni, umeme ukirudi niwe wa kwanza. Sikufika mbali. Nilisikia mashine inanguruma.

"Umeme umerudi saa ngapi?" nikamuuliza Marsiana, mwenye mashine.

"Ulienda wapi?" akasema. "Nasaga tangu asubuhi, haujacheza hata mara moja. Nyie maharusi mkitazamana sana mtasema na jua limezimika."

Nilisimama pale, dada, mpaka likaniingia. Ile rimoti ilikuwa inaipata televisheni kila mara, na dalili ya kuipata ni kuizima. Sisi tulikuwa tunachomoa waya. Nilimwachia Marsiana ndoo, nikashika kitenge mkononi, nikakimbia Kizwite nzima ikinitazama.

Baba mkwe alikuwa amekaa juu ya begi lake. Valerian ameshika waya. "Chomeka," nikamwambia, "ikizima usiiguse, achia, bonyeza SETI ili rimoti iikumbuke." Ikazima. Akaachia, akabonyeza. Kisha akabonyeza cha kuwashia, na bluu ikarudi yenyewe, waya ukiwa palepale ukutani. Akahamia kwenye king'amuzi, na sebule ikajaa sauti za watu. Valerian alinibeba mbele ya baba yake. Mzee akatazama ukuta wake, lakini akalisukuma begi chini ya kochi.

Jana tulisali hapahapa, mguu wake juu ya kigoda, kofia magotini. Padri wa kwenye televisheni alipotualika kupeana amani, Valerian akanipa mkono. Kisha baba mkwe akageuka, akanyoosha wake kwangu, akanitazama usoni. "Amani, mwanangu. Kidonda kikifunga ndipo utanisagia unga wa safari." Niliushika ule mkono kwa mikono yangu miwili.

Misa ilipokwisha akachukua rimoti, akaielekeza kwa makini kama anayelenga ndege, akabonyeza. Giza. Valerian akaguna, "Baba, umeme umekatika." Mzee akacheka mpaka akaushika mguu. Tangu hapo rimoti inakaa mfukoni mwa shati lake, nasi tukitaka kuangalia kitu tunaomba ruhusa.

Msalimie shemeji, mbusu Margareth, na mama mkwe wako mwambie shikamoo yangu. Valerian na baba mkwe wanakusalimu. Mungu akulindie nyumba yako iwe na kicheko kama hii yangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye siku zote,
Winifrida