Wilf Outhwaite na Simu Namba Arobaini

Umetimia mwaka, Wilf, tangu Jumamosi ile ya Oktoba ulipotutoka ukiwa umeshavaa koti lako la reli, kalamu mfukoni, na birika jikoni bado la moto. Tunaandika haya katika jarida la reli ya Wenndale kwa sababu ndilo pekee ulilolisoma mpaka ukurasa wa mwisho, na kwa sababu kuna habari ambazo hukuzipata.

Watu wanaopanda treni zetu za mvuke hutazama moshi na magurudumu. Ni wachache wanaojua kwamba nyuma ya ofisi ya tiketi ya Skelby, katika chumba kilichokuwa cha kuwekea taa, kuna mtambo wa simu uliowazidi wengi wao umri. Uliuokoa ukiwa njiani kwenda kuyeyushwa, ukaubeba vipande vipande kwenye trela la farasi la jirani, ukaujenga upya kwa majira manne ya baridi. Nyaya zake ulizifunga kwa uzi wa nta, fundo baada ya fundo, hata upande wa nyuma ambako hakuna jicho linalofika. Tulipokuuliza nani atayaona mafundo hayo, ulisema, "Mimi nitajua," ukaendelea kufunga.

Ulikuwa mpole mno. Hatukumbuki umempandishia mtu sauti, isipokuwa yule aliyekata uzi wako kwa mkasi wa bustani. Kila siku ulikula sandwichi ya jibini na kitunguu kutoka kopo lilelile lililobonyea, na kipande cha mwisho kilikuwa cha mbwa wa mkuu wa kituo.

Na Jumamosi saa tatu kamili asubuhi ilikuwa saa ya zamu. Ulizipigia simu zote arobaini, kituo kwa kituo na kibanda kwa kibanda cha waongoza treni, kujua kama waya ni mzima. Aliyepokea alipaswa kukutajia hali ya hewa na hali ya birika.

"Harthwaite hapa. Ukungu, na chai imeiva."

"Low Garth hapa. Mvua. Maziwa yamekwisha, usitusahau."

Ya arobaini ilikuwa jikoni kwako mwenyewe, katika nyumba tuliyoishi pamoja nawe kwenye kivuko cha reli, na mkeo Avril hakuwahi kukutajia mvua. "Rudi nyumbani, Wilf, chakula kinapoa," alisema kila Jumamosi, hata viazi vikiwa havijamenywa.

Mwezi Januari mtambo wako ulinyamaza. Kwanza Low Garth, kisha Harthwaite, kisha njia nzima ikawa kimya. Kamati ilikutana ikasema, kwa adabu, kwamba treni haziwezi kwenda bila vibanda kusikilizana. Ikiwa simu hazitafufuka kufikia Jumamosi ya kabla ya Pasaka, treni za kwanza za mwaka zinapoanza, mtambo utang'olewa na mahali pake kiwekwe kisanduku kipya kisichozidi mkate kwa ukubwa. Hawakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyejua pa kuanzia, basi.

Binti yako Judith alikuja Skelby na maboksi matatu kukusanya vitu vyako. Tuseme kweli, maana wewe ulipenda kweli: Judith hakuupenda mtambo ule. Ulikuwa umezimeza Jumamosi zake za utotoni. Wenzake walikwenda kuogelea, yeye akakaa kwenye stuli akikukatia vipande vya kadi nyeupe vya kusafishia shaba. Siku hiyo alifungua kabati la kwanza la mtambo ili aliage tu. Vidole vyake vikateleza. Akavinusa, akatoka moja kwa moja mpaka kwenye banda la injini.

Huko alimkuta Clifford Rudd, dereva, rafiki yako wa miaka thelathini na mtani wako asiyechoka, yule aliyeuita mtambo wako cherehani.

"Mzee Rudd, nani kapaka mafuta mtambo wa Baba?"

Clifford alivua kofia. "Ni mimi, mwanangu. Mimi na wenzangu wawili, baada ya mazishi."

"Kwa nini lakini?"

"Tulitaka kumfanyia jambo. Wengine walileta maua. Ule mtambo ulikuwa unalia tik-tik-tik, na sisi chuma kikilia tunajua kinaomba mafuta. Tukakipa."

"Kiasi gani?"

"Chupa mbili."

"Mbili!"

"Ya tatu tuliirudisha," alisema Clifford, kana kwamba hilo lingemwokoa.

Judith aliangua kicheko mpaka akashikilia ukuta, kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Wewe ulikuwa ukiupa mtambo tone moja moja kwa ncha ya unyoya. Mafuta yakizidi hunasa vumbi, na shaba za kuunganisha simu zikishikwa na vumbi hazigusani, simu ikafa.

"Ndiyo maana huji nyumbani?" aliuliza.

"Nitamtazamaje shemeji machoni? Nimemuua Wilf mara ya pili."

"Hujaua mtu bado. Una mkasi?"

Kwa wiki sita, kila Jumamosi na Jumapili, walikaa katika chumba chako. Clifford alikatazwa kugusa chochote. Kazi yake ilikuwa kukata vipande kutoka kwenye kadi za Krismasi za mji mzima. "Miaka thelathini nimeuita cherehani," alinung'unika, "leo nimekuwa fundi wake." Judith alivichovya kwenye spiriti akasugua shaba moja baada ya nyingine, maelfu. Kwa kuwa ni msaidizi wa daktari wa meno, alikuja na kile kioo chao kidogo chenye mpini, akakipitisha nyuma ya makabati kutafuta uchafu.

Ndipo alipoyaona mafundo yako. Safu kwa safu, yote sawa, gizani. Aliyatazama kwa muda mrefu sana, Wilf. Ameniambia mimi, mumewe, kwamba hapo ndipo alipozisamehe zile Jumamosi.

Jumamosi ya kabla ya Pasaka, saa tatu kamili, alikaa kwenye kiti chako akaanza zamu. Harthwaite wakapokea kwa kelele. Low Garth hawakuwa na maziwa. Ya kumi na saba ilikohoa kidogo, kisha ikasema. Zilipofika thelathini na tisa, Clifford alirudi nyuma mpaka mlangoni, kofia mkononi.

Jikoni, Avril alikuwa akimenya viazi. Simu ya ukutani haikuwa imelia tangu Oktoba, ingawa aliifuta vumbi kila wiki. Aliiacha ilie mara tatu. Sisi tuliokuwa mezani hatukuthubutu kutafuna.

"Arobaini hapa," alisema.

"Mama, ni mimi. Hali ya hewa ikoje?"

Alitazama dirishani.

"Rudi nyumbani, Judith, chakula kinapoa." Akavuta pumzi. "Na huyo Clifford anayejificha, njoo naye. Habari zake nilizipata tangu Novemba, namngoja aje mwenyewe. Mwambie mafuta ayaache hukohuko."

Mtambo unabaki, Wilf. Kamati imempa Judith ufunguo.

Tunaokukumbuka ni mkeo Avril, binti yako Judith, mkweo Howard niliyeandika haya, wajukuu zako Rosie na Ned, na Clifford Rudd, ambaye sasa hula kwetu kila Jumamosi na hupekuliwa mifuko kabla ya kuingia Skelby.

Waya ni mzima. Leo kuna mawingu, chai imeiva, na hatutakusahau kamwe.