Pikapu Achague Marietha

Mama Marietha,

Uji uko kwenye chupa. Ndama bado hajanyweshwa. Mimi nimeenda hospitali, ila usishtuke, siumwi.

Ulipokuwa sokoni, fundi Alfred alileta pikapu mpya za gitaa, zile sumaku zinazokaa chini ya nyuzi, tujaribu kabla ya kununua. Unajua nimelalamika muda mrefu kwamba za zamani zimechoka na nyuzi nyembamba hazitoi sauti. Akafunga ya kwanza, Marietha akapiga. Nikasema mbovu. Akafunga nyingine, yenye nguvu zaidi. Nikasema hii nayo mbovu.

Marietha akaniuliza taratibu, "Baba, kweli husikii? Zote zinalia vizuri."

Nikamfokea. Kisha nikamwambia apige uzi mwembamba peke yake. Nikaona kidole chake kinapiga, na Alfred anatikisa kichwa kukubali. Mimi sikusikia kitu.

Kwa hiyo tatizo si gitaa, ni masikio yangu. Ndiyo maana nimeenda yakapimwe.

Marietha, ~~mwambie Alfred azirudishe zote~~ chagua wewe. Usichukue ile yenye nguvu kwa ajili yangu, chukua inayokupendeza. Na ule ukali wa asubuhi unisamehe, mwanangu, niliogopa.

Jumapili solo ya kwaya utapiga wewe. Mimi nipeni besi, hiyo naisikia mpaka kifuani.

Baba