Mkono wa Bibi Gizani Lalibela

Mama, shikamoo. Huku Ethiopia kuna baridi kama ya Gitting asubuhi. Leo tumetembezwa makanisa ya kale yaliyochongwa kwenye mwamba. Kutoka kanisa moja hadi jingine unapita handaki lenye giza, na mwongozaji akasema, "Zimeni tochi, ndiyo desturi." Wenzangu wakatangulia. Unajua nilivyo mwoga, nikabaki mlangoni. Bibi mmoja aliyekuja kusali akanishika mkono, akanisemesha kwa lugha yao njia nzima. Kiganja chake kina sugu za jembe kama chako. Nikajikuta naitika kwa lugha yetu, "Ee, Aayo," kama ninavyokuitikia wewe, mama yangu. Tulipofika kwenye mwanga sikumwachia, hadi mwongozaji akatania, "Dada, bibi ana kwao!"

Mungu akulinde hapo Endasak, Mama, mpaka nije nikushike mwenyewe.

Mwanao, Neema