Korongo Mwenye Pete

Kwai, 2 Machi 1979

Mwanangu Rahabu,

Salamu nyingi. Kifua chako kimepona? Sisi huku wazima wa mwili, moyo hapana.

Baba yako wamemfungia kwenye ghala la kijiji. Aliokota korongo aliyekufa kwenye kabichi zetu, mguuni ana pete ya bati yenye maandishi ya kizungu. Unamjua Kristofa, haachi kitu kipotee! Akaivua, akaivalisha mpini wa kisu chake uliopasuka. Jumapili anachinja mbuzi kwa jirani, mgambo akayaona yale maandishi. Weee! Eti ndege huyo katumwa na adui kuleta habari za vita, na mpokeaji ni baba yako. Gari likipata petroli wanampeleka Tanga. Mwanangu, nitamwona tena? Uko na wasomi huko Amani, waulize upesi.

Mama yako,
Klara

Amani, 9 Machi 1979

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, ila barua yako imenitoa jasho.

Nimemwendea mtaalamu wa ndege hapa kituo cha utafiti ninapopiga chapa. Kasema pete hizo huvishwa makinda ya korongo huko Ulaya, ijulikane wanakokwenda. Kwao baridi ikianza wanakuja kwetu, na mwezi huu wanarudi. Njia wanaijua kwa jua, mito na milima. Tena wadogo huzaliwa wakiujua mwelekeo, kisha huwafuata wakubwa. Mengine hata yeye yanamuumiza kichwa. Jua likikolea hupanda na hewa ya moto wakizunguka, kisha huteleza kaskazini bila kupiga mabawa. Ameyaandika yote kwenye karatasi hii na kugonga muhuri. Mpe Mwenyekiti wa kijiji, Mussa mwenyewe, mkononi. Na wewe mama, kula basi.

Mwanao,
Rahabu

Kwai, 20 Machi 1979

Mwanangu Rahabu,

Hujambo mama? Mimi leo sijambo, sijambo kabisa!

Mwenyekiti alisoma, akatikisa kichwa: "Muhuri hata adui anao." Jana asubuhi, jua limekolea, nikasikia watu wanapiga kelele. Korongo, mama, mamia! Wanazunguka juu yetu, wanapanda, wanapanda, halafu wote wakashika kaskazini, vile vile mlivyoandika. Kijiji kizima shingo juu. Mgambo kaishika bunduki yake, hajui aanze na yupi. Mwenyekiti akaangua kicheko: "Hawa wote wapelelezi? Basi vita tumeshashindwa! Mfungulieni mzee."

Nililia mbele za watu wala sikuona haya. Baba yako kala ugali wa watu wawili, sasa anakoroma mchana kweupe na viatu miguuni. Kazi zimenijaa, lakini nimekaa hapa mlangoni namsikiliza.

Mama yako,
Klara